Makapelani wa jeshi la Marekani na hili neno uhuru: maswali mnayoniuliza kila mara

Tangu nimalize mkataba wangu jeshini huku Marekani watu hawaachi kuniuliza, wengine vijana wanataka kujiunga, wengine ni wazazi wao, wengine ni wale wa kubishana tu kwenye grupu za WhatsApp usiku wa manane. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niweke yote hapa. Mi sio kapelani, hilo lieleweke mapema, nlikuwa msaidizi wa kapelani kwa miaka minne, nabeba mabegi, naendesha gari, napanga viti, nalinda. Ila ukikaa na mtu hivo miaka minne unaona mengi.

Kapelani wa jeshi ni nani hasa? Mchungaji aliyevalishwa kombati?

Ni mchungaji, padri, rabi au imamu ambaye ni afisa wa jeshi kabisa, ana cheo, ana mshahara, asubuhi anakimbia na wenzake na usiku analala hema lile lile linalovuja. Wengi ni Wakristo. Tofauti yake na maafisa wengine ni kwamba hana askari wa kuwaamuru, cheo anacho ila amri hana, ndo maana hata akiwa kanali watu hawamwiti kanali, wanamwita kapelani basi.

Jina lenyewe limetoka mbali. Kulikuwa na askari wa Kirumi karne ya 4, Martin wa Tours, simulizi inasema alikutana na maskini anatetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, akachomoa upanga akalikata joho lake nusu kwa nusu akampa kipande. Kile kilichobaki wafalme wa Wafaranki wakakitunza kama kitu kitakatifu, wakawa wanaenda nacho mpaka vitani, na padri aliyekuwa anakitunza akaitwa kwa jina la joho, kwa Kilatini cappa. Kwahiyo kapela na kapelani vyote vimezaliwa na joho moja lililochanwa.

Kwa Wamarekani ofisi hii ilianzishwa tarehe 29 Julai 1775, mshahara dola 20 kwa mwezi sawa na kapteni. Nchi yenyewe ilikuja kutangaza uhuru 4 Julai 1776, yaani makapelani wanaizidi nchi umri kwa karibu mwaka mzima.

Anabeba bunduki?

Habebi. Mikataba ya Geneva inamlinda kapelani kama inavyomlinda daktari, akikamatwa hahesabiwi mateka wa vita, anashikiliwa tu ili ahudumie mateka wenzake, na jeshi la Marekani limeamua asishike silaha kabisa. Anayeshika ni msaidizi. Kwahiyo bunduki yake nlikuwa mimi.

Mara ya kwanza tuko mazoezini milio imeanza, mi nimelala chini kwenye tope naangalia huku na huku, naye yuko nyuma yangu kajikunyata na mikono mitupu, mfuko mmoja umejaa pipi za minti za kugawia watu. Nikawaza mbona huyu mzee ndo mtu huru kuliko wote hapa na pia ndo asiye na njia yoyote ya kujitetea. Hilo wazo halijanitoka mpaka leo, mengi niliyoandika hapa chini yanatokana na pale.

Si katiba yao inasema dini na serikali zisichanganyike? Sasa serikali inawalipaje wachungaji?

Swali zuri na sio lako peke yako, mwaka 1979 wanafunzi wawili wa sheria wa Harvard waliishtaki serikali kwa hoja hiyo hiyo. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa, ikaamuliwa 1985, makapelani wakabaki.

Sababu ni hii. Ile ibara ya katiba ina mambo mawili, serikali isianzishe dini, na serikali isimzuie mtu kuabudu. Sasa umemchukua kijana wa miaka 19 umempeleka jangwani hakuna kanisa, hakuna msikiti, hakuna sinagogi, na getini hatoki bila ruhusa. Tayari umemzuia. Wale mliosoma bweni mnaelewa haraka, ukishafunga geti la shule huwezi kumwambia mwanafunzi akale kwao, lazima umpikie. Kapelani ni huo ugali wa bweni. Hayupo pale ili serikali ihubiri, yupo kwa sababu serikali imefunga geti.

Na hapa ndo watu wengi wa makanisani kwetu wanakosea, wanadhani ni mmisionari aliyepewa kambi. Yule niliyefanya naye kazi alikuwa Mbaptisti wa Alabama, wa msimamo mkali kweli, lakini kuna sanduku la chuma lililokuwa la risasi tulikuwa tunatembea nalo kila mahali. Ndani kuna Agano Jipya ndogo zenye jalada la kijani, rozari za plastiki rundo zima, Kurani mbili tumezifunga kwenye kitambaa safi, na mishumaa ya Sabato. Yeye rozari haamini hata kidogo. Lakini zikiisha alikuwa wa kwanza kuniambia niagize nyingine.

Akija Mwislamu au mtu asiye na dini kabisa, anafukuzwa?

Hapana. Kama hawezi kumfanyia ibada ya dini yake anamtafutia anayeweza, anampa nafasi, anamtetea. Nlishamwona huyo huyo Mbaptisti anabishana na sajenti wa jikoni kuhusu chakula cha kijana mmoja wa Mombasa wakati wa Ramadhani, jiko linafungwa kabla jua halijazama halafu kijana akafuturu nini? Wakaelewana, sahani yake ikawa inawekwa pembeni, na ya daku pia.

Haikuwa hivo tangu mwanzo lakini. Sheria ilikuwa inataka kapelani awe Mkristo, Wayahudi wakalalamika wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, sheria ikabadilishwa 1862 na mwaka huo huo Rabi Jacob Frankel akateuliwa. Imamu wa kwanza, Abdul-Rasheed Muhammad, ni 1993. Piga hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi.

Uhuru gani unaozungumzia wakati askari anaamrishwa mpaka kunyoa ndevu?

Haya tukae hapa kidogo.

Huku nyuma ya magari utaona stika imeandikwa uhuru sio bure, maana yake kuna watu wamekufa ili wewe uchome nyama jumapili. Ni kweli. Kwetu uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961, mwenge juu ya Kilimanjaro, bendera inapanda nyingine inashuka. Nayo ni kweli. Lakini zote mbili zinaongelea uhuru wa kutoka kwenye kitu, mkoloni aondoke, adui asije, bosi asinisumbue.

Paulo anasema kitu kingine kwenye Wagalatia 5:13, "mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kule Machame, Kilimanjaro, nimekariri huo mstari toka kipaimara na sikuwahi kuuelewa, nlidhani ni namna ya wakubwa kusema uko huru ila usifanye chochote. Nimekuja kuuelewa kwa habari za hawa makapelani.

Chukua meli ya Dorchester. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1943, imebeba watu 902 inaelekea Greenland, nyambizi ya Kijerumani ikaipiga torpedo. Watu walikuwa wameambiwa walale na jaketi za kujiokolea lakini ndani joto, wengi walizivua. Sisi wa kizazi cha MV Bukoba hatuhitaji kuelezewa sana meli inavyozama, giza, kelele, kila mtu anatafuta kitu cha kushika. Kulikuwa na makapelani wanne, George Fox Mmethodisti, Clark Poling wa Kanisa la Reformed, John Washington padri Mkatoliki, na Alexander Goode rabi. Wakafungua boksi la jaketi wakaanza kugawa. Zikaisha. Wakavua za kwao wakawapa waliokuwa mbele yao kwenye foleni, na hakuna aliyeuliza wewe dhehebu gani. Walionusurika wakasema waliwaona kwenye sitaha wameshikana mikono wanaomba, kila mmoja kwa namna yake, meli inaenda chini. Walikufa watu 672.

Sasa niambie pale nani alikuwa huru. Hakuna amri ya jeshi inayosema vua jaketi lako. Kwenye kombati, chini ya amri usiku na mchana, hao wanne walibakiwa na kitu kimoja cha kwao wenyewe wakaamua wakitumie hivyo.

Huo ni mfano wa kufa. Kuna wa kuishi?

Upo, ila naye alikufa baadaye. Padri Emil Kapaun, mtoto wa mkulima wa Pilsen, Kansas. Novemba 1950 vita vya Korea, kikosi chake kimezingirwa pale Unsan, waliokuwa wanaweza kutembea wanaambiwa waondoke. Yeye akabaki na majeruhi akijua kabisa atakamatwa. Akamwona askari wa Kichina amemwelekezea bunduki sajenti mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu, akaenda akaisukuma ile bunduki pembeni, akamwinua yule sajenti akaondoka naye. Yule wa Kichina hakupiga. Sijui mtu unafanyaje hivyo.

Kambini kwenye ile baridi mateka walikuwa wanakufa njaa, Kapaun akawa mwizi. Ndiyo, padri mwizi, anatoka usiku kuiba mahindi na viazi akirudi anagawa, na kabla ya kutoka anamwomba Dismas, yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Alikunja mabati akayafanya sufuria ya kuchemshia maji, akafua nguo za wanaoharisha. Pasaka ya 1951 akaendesha ibada mbele ya walinzi waliokuwa hawataki ibada. Akafa 23 Mei 1951. Nishani ya Heshima, kubwa kuliko zote, ilitolewa 2013 na Rais Obama, na mifupa yake ikatambuliwa 2021 ikarudishwa Kansas.

Mateka wenzake waliporudi ndo walihakikisha dunia inamjua, Wakatoliki, Waprotestanti, Wayahudi, wote. Kambini kila kitu kilikuwa kimefungwa ila huyu mtu aliendelea kuishi kama padri wa parokia.

Hawa si ndio waliokuwa wanawahubiria watumwa watii mabwana zao?

Wahubiri wa namna hiyo walikuwepo wengi Marekani, sibishi. Ila upande wa jeshi kuna stori nyingine na huwa inanigusa. Mwaka 1863 Lincoln ameshatangaza watumwa wa upande wa waasi wako huru na jeshi limeanza kuandikisha weusi, Henry McNeal Turner wa kanisa la AME, la Wamethodisti weusi, akawa mmoja wa makapelani weusi wa kwanza. Hao askari wengi wametoka utumwani majuzi, kusoma walikuwa wamekatazwa kwa sheria za majimbo yao. Kwahiyo makapelani wa vikosi vya weusi kazi yao kubwa ikawa kufundisha a, e, i, o, u. Ibada jumapili, siku nyingine ni ubao. Mtu mzima ana bunduki mkono mmoja na kitabu cha herufi mkono wa pili, nikiambiwa nichore picha ya uhuru nitachora hiyo.

Kisha kuna Henry Plummer, alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka 1862 akajiunga na jeshi la majini, baadaye akasoma seminari, 1884 akawa kapelani mweusi wa kwanza kwenye jeshi la kudumu. Miaka kumi mbele wakamfukuza kwa shtaka la ulevi, familia yake na watu wengi wanaamini ni ubaguzi, na jeshi lilikuja kubadilisha rekodi yake ikawa ya heshima mwaka 2005. Alikuwa amekufa karne moja nyuma.

Nikimweleza siri atampelekea kamanda?

Hapana, na hii ndo sababu kubwa ya watu kugonga mlango wake. Ukiongea naye kama kapelani, siri ni yako, bila idhini yako haendi popote, hata mahakamani inalindwa. Daktari wa jeshi kuna mambo analazimika kuripoti, yeye hapana. Msaidizi naye anafungwa na hiyo hiyo, kwahiyo msinitafute inbox mniulize fulani alikuja kusema nini.

Saa nane usiku ndo saa yao. Mlango unagongwa mara moja kidogo tu, kama mtu anatamani usifunguliwe. Nafungua, kijana kavua kofia anaizungushazungusha mkononi. Mi nachemsha kahawa, natoka nje nasimama kwenye baridi mpaka wamalize.

Anaweza kumkatalia mkubwa wake?

Kwenye mambo ya imani ndiyo. Hawezi kulazimishwa kufanya ibada inayopingana na dhamiri yake, ipo kwenye sheria. Mfano wangu ni Henry Gerecke, Mlutheri mwenzangu wa Missouri. Vita vya pili vimeisha, ana umri wa miaka hamsini na mbili, ana haki ya kurudi kwa mkewe, wakamwambia tunataka ukawahudumie viongozi wa Wanazi wanaoshtakiwa Nuremberg, na ukikataa hatukulaumu. Alishafika Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, akaona kwa macho yake. Akaomba, akaenda. Aliwasalimia kwa mkono, kwao Marekani wakaja kumtukana kwa hilo.

Halafu usiku ule wa kunyongwa hao viongozi, Oktoba 1946, mmoja wao, Göring, akataka chakula cha Bwana. Gerecke akamnyima, kwa sababu jamaa hakukubali kumkiri Kristo, alitaka tu akipate endapo hayo mambo ni ya kweli. Saa chache baadaye Göring akameza sumu. Nimebishana na wachungaji watatu kuhusu hili na wote walikuwa na jibu tofauti, mimi nasema alifanya sawa lakini siku nyingine naamka sina uhakika.

Mkristo unabarikije vita?

Wapo wanaobariki, tusidanganyane, wapo wanaosimama mbele ya askari wakawaambia Mungu yuko upande wetu wakakaa. Mi nlishasikia hotuba ya hivo nikatazama chini. Mkubwa wangu alikuwa anasema yeye habariki vita, anaenda waliko watu, na watu wako vitani. Inatosha? Kwa wengine haitoshi.

Charles Liteky alikuwa padri Vietnam, mwaka 1967 aliwabeba majeruhi zaidi ya 20 chini ya risasi, wakampa ile ile Nishani ya Heshima. Baadaye akaacha upadri, na 1986 akaenda kuiacha ile nishani kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Vietnam pale Washington kupinga siasa za Marekani huko Amerika ya Kati. Kuna askari wastaafu mpaka leo ukimtaja wanatema mate. Mimi namweka kundi moja na Kapaun, mmoja alikataa kuondoka na mwingine alikataa kubaki na nishani.

Mtu wetu wa Afrika Mashariki anaweza kuwa kapelani huku?

Anaweza ila sio haraka. Unahitaji shahada ya uzamili ya theolojia, barua rasmi ya kanisa lako kukuthibitisha (kanisa likiiondoa na kazi imeisha), uzoefu wa huduma, afya ya kukimbia, na kwa jeshi la kudumu uwe raia. Mafunzo ni Fort Jackson, South Carolina.

Askari wa kawaida ni rahisi zaidi, ukiwa na ukaazi wa kudumu unajiunga na uraia unafuata. Kuna wakati hata bila ukaazi, ule mpango wa MAVNI ulikuwa unachukua watu wenye lugha wanazozitaka, Kiswahili kikiwemo, ulianza 2009 ukasimamishwa 2016. Anayekuambia leo ana njia ya MAVNI, kaa na hela yako.

Na nyumbani wapo?

Kenya wapo rasmi kabisa, jeshi lina mapadri, wachungaji na maimamu, na Wakatoliki wana jimbo la kijeshi na askofu wake tangu 1964.

Mama analia hataki niende. Kapelani anaweza kuongea naye?

Anaweza, mwombe tu, wengi wanapenda. Mimi wa kwangu alikataa kata kata, akasema nimeenda kuuza roho kwa Wazungu. Siku moja yule mzee wa Alabama akaniambia mpigie. Tukampigia kwa WhatsApp, Machame kumekucha, kuku wanasikika nyuma. Mzee akaongea Kiingereza chake cha kuvuta maneno, mi natafsiri, akamwambia mwanao huwa analala mlangoni kwangu ili mimi nilale, kisha akaomba. Mama akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akaniuliza kwa Kichagga, huyo mzee ameshakula?